Korosho moja, kopo la maji na fimbo ya mita moja

Haya ni maongezi niliyofanya na wanafunzi wa sekondari na wazazi wao hapa Mtwara mjini, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa. Wengi walikosa nafasi ya kukaa wakaomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama habari za tangu asubuhi, na nyie wanafunzi mambo. Ukumbi una joto na wengine mmesimama madirishani kwa hiyo sitaanza na shukrani ndefu, naanza na moto.

Hapa mezani nina korosho moja. Imeshabanguliwa, haijakaangwa, nimeichomeka kwenye pini ili isimame. Juu yake nimening'iniza kopo tupu la nyanya, ndani nimetia maji mililita 100, nimeyapima kwa sirinji ya duka la dawa, na humo kuna themometa. Binti wa mbele njoo utusomee. Nyuzi 29? Nyuzi 29, andika ubaoni. Sasa nawasha kiberiti, na nyumbani msijaribu na korosho yenye ganda lake kwa sababu yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kina mama mliofanya kazi ya kubangua mnajua zaidi yangu, mikono inaonesha.

Mnaona, inachelewa kushika alafu ikishika inawaka kama kibatari. Tuiache ijiwakie yenyewe mpaka izime.

Imezima. Binti, soma tena. Nyuzi 58. Yaani maji yamepanda nyuzi 29 kwa korosho moja ambayo ukipewa utaitupia mdomoni huku unaongea na mtu na hata hutakumbuka kama umeila. Sasa hesabu ni hii, na ni hesabu ya kuzidisha tu: gramu moja ya maji ili ipande nyuzi moja inataka jouli 4.2 za nishati. Tuna gramu 100, zimepanda nyuzi 29, zidisha zote unapata kama jouli 12,000. Lakini korosho ya gramu moja na nusu ina nishati karibu jouli 35,000, ukisoma pakiti za vyakula utaona korosho ni kama kilokalori 550 kwa gramu 100, ukigeuza inakuja hapo hapo. Kwa hiyo maji yamepata theluthi moja tu. Theluthi mbili zimeenda wapi?

Nani anajibu? Mzee pale nyuma anasema zimepotea. Shikamoo mzee. Nakuomba tubishane kidogo hapo maana ndio mlango wa fizikia yote uko hapo. Gusa hili kopo, lina moto, bati limechukua sehemu yake. Hewa ya juu ya meza imechukua sehemu kubwa tu. Mwanga tuliouona wote umeondoka na kidogo. Huu moshi uliopaka kopo masizi ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri, na hiki kipande cheusi kwenye pini bado kina nishati yake kimebaki nayo. Ukivipima vyote bila kusahau kimoja hesabu inafunga. Haikosi hata jouli moja. Watu wamejaribu kuikamata sheria hii ikikosea kwa zaidi ya miaka 150 na hawajafanikiwa. Miaka ya 1840 kulikuwa na kijana Mwingereza anaitwa James Joule, baba yake alikuwa na kiwanda cha bia, akawa anafunga mzigo kwenye kamba, mzigo ukishuka unazungusha mapanga ndani ya chombo cha maji, anapima maji yamepata joto kiasi gani. Joto lenyewe dogo sana, sehemu ndogo ya nyuzi moja, lakini alirudia na kurudia mpaka akaonesha kwamba mzigo ule ule ukishuka kimo kile kile unatoa joto lile lile, na ndio maana kipimo cha nishati kina jina lake.

Nataka niseme neno kuhusu lugha hapa kwa sababu linatusumbua sana darasani. Sisi tunasema nguvu kwa kila kitu. Nguvu za kubeba gunia, nguvu ya umeme, nguvu za kiume, nguvu ya pesa. Fizikia inataka uzitenganishe. Kani ni ule msukumo au mvuto wenyewe. Nishati ni akiba, ichukulie kama salio kwenye simu. Na kuna ile kasi ya kulimaliza salio, wengine mnalimaliza kwa siku tatu wengine kwa dakika kumi, hiyo ndio wati zinazoandikwa kwenye taa. Mtoto akishatenganisha hivi vitatu nakuhakikishia nusu ya maswali ya kidato cha pili yanakuwa mepesi, na asipovitenganisha anakariri mpaka kidato cha nne na anafeli huku ana akili zake timamu. Hilo linaniuma.

Haya, jouli 35,000 za korosho moja. Zote zikienda kwenye kunyanyua gunia la kilo 50, zinalinyanyua mita 70 hivi kwenda juu, mnazi mrefu mara mbili na zaidi. Nlipoisema hesabu hii mara ya kwanza ilikuwa Newala, na nikaongeza kwamba ndoo ya lita 20 kuipandisha kutoka bondeni mita 300 ni kama jouli 59,000, yaani haifiki korosho mbili. Mama mmoja akasimama amekasirika kweli, akasema mwanangu mimi nimebeba maji kutoka bondeni toka niko msichana, unaniambia kazi yangu ni korosho mbili? Na wanaojua uwanda wa Makonde wanajua anaongea nini, kule juu maji ya kuchota yalikuwa hamna, unashuka bonde lote alfajiri na kupanda nayo kichwani jua limeshawaka.

Alikuwa na haki ya kukasirika kwa sababu hesabu yangu ilikuwa nusu. Ndoo haipandi peke yake. Mama mwenye kilo 60 anapanda na yeye, kwa hiyo ni kilo 80, jouli 235,000. Alafu misuli ya binadamu katika nishati ya chakula inayotumia, inayogeuka kuwa kazi ni kama robo ikiwa nzuri sana, robo tatu inakuwa joto, ndio lile jasho. Kwa hiyo mwili wake umetumia karibu jouli milioni moja, korosho 27 au zaidi, na hapo sijahesabu kushuka. Kila siku. Nlikaa naye baadae tukaihesabu pamoja kwa kijiti kwenye mchanga na mpaka leo naona ndio somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, maana yeye ndie aliyenifundisha kwamba hesabu isiyofanana na mwili wa mtu aliyefanya kazi bado haijaisha.

Na sheria hii hii inalinda mifuko yenu. Mnatumiwa video kwenye simu za jenereta isiyotumia mafuta wala jua, ukiiwasha mara moja inajizungusha na kuwasha nyumba nzima milele. Ndugu zangu, muulizeni anayeuza: nishati inaingilia wapi? Akishindwa kuonesha inapoingilia, funga pochi. Mtaalamu wa gesi ya Mnazi Bay anaweza kukuonesha inapoingilia, ni ile gesi iliyogunduliwa pale 1982, ina akiba ya jua la mamilioni ya miaka ndani yake. Wa Songo Songo hivyo hivyo. Mwenye sola atakuonesha jua. Huyu wa video atakuonesha namba ya kutuma hela.

Sasa tuache moto tuende kwenye mtungi. Mimi nimelelewa na bibi Mikindani, maji ya kunywa yalikuwa kwenye mtungi wa udongo umekaa kwenye mchanga upande unaopuliza upepo wa bahari, na ule mtungi nje siku zote ulikuwa umeloa. Maji yake yalikuwa ya baridi mpaka meno yanashtuka, na ndoo ya plastiki pembeni yake maji ya vuguvugu, kisima kimoja, kivuli kimoja. Nikiwa kidato cha pili nikamuuliza mwalimu wangu kwanini. Alikuwa na silabasi ya kumaliza, akaniambia hilo halitoki kwenye mtihani, kaa chini uandike definisheni. Nikakaa. Nikaandika. Na nikaacha kuuliza kwa karibu miaka miwili, hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, ile miaka miwili.

Jibu lenyewe ni hili na ni zuri sana. Maji ni vipande vidogo vidogo mno vinavyokimbia na kugongana muda wote, vingine vina kasi kubwa vingine ndogo, na joto tunalolisikia ni huko kukimbia kwao. Udongo wa mtungi una vitundu, maji yanapenya yanafika nje, pale nje vile vyenye kasi kubwa vinachomoka vinaenda na upepo. Wakiondoka wakimbiaji, wanaobaki kwa wastani ni wapole zaidi. Yaani baridi ya mtungi ni wale waliobaki. Mtungi wa lita 10 ukipoteza gramu 100 tu za maji kwa njia hiyo, na joto lote likitoka kwenye maji ya ndani, unashuka karibu nyuzi 6. Plastiki haina vitundu, basi. Na msimu wa mvua hewa imejaa unyevu, vipande vingi vinarudi kama vinavyotoka, ndio maana bibi alikuwa analalamika mtungi umelala.

Hivi vipande havionekani, na msione aibu kuvitilia shaka, hata mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na wanasayansi wakubwa Ulaya ambao hawakuamini atomi zipo, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga kila kitu. Mwaka 1827 Robert Brown aliona kwenye hadubini vichembe vilivyotoka kwenye chavua vinatetemeka ndani ya maji bila kuguswa na mtu. Ikapita karibu miaka 80 mpaka Einstein mwaka 1905 akaonesha kwa hesabu kwamba ni vipande vya maji vinavigonga kutoka kila upande, kisha Jean Perrin Ufaransa akapima na hesabu ikakubali. Na hizo atomi zenyewe ndani ni uwazi mtupu karibu zote. Kiini cha atomi kingekuwa na ukubwa wa hii korosho, ukingo wa atomi ungekuwa mamia ya mita kutoka hapa kila upande. Meza hii inakataa mkono wangu usipite kwa sababu ya umeme wa elektroni zake na zangu zinasukumana, mkono wangu na meza ni viwazi viwili vinavyogombana.

Nikishamtaja mwalimu wangu lazima nimtaje Erasto Mpemba maana yeye hakukaa chini. Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu Magamba, Tanga, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe ndio unaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa inagombewa, yeye akaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa tena, mpaka siku alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dr. Denis Osborne, Mpemba akanyoosha mkono akauliza lile lile mbele ya wenzake wote wanaguna. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akajaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la kufundishia fizikia na leo dunia nzima inaita jambo hilo kwa jina lake. Na niwe mkweli kwenu, wanasayansi bado wanabishana, mwaka 2016 kuna watafiti wa Uingereza walipima kwa makini wakasema hawajaona ushahidi wa maana, wengine wamepinga. Huo ubishi kwangu haumpunguzii kitu Mpemba. Aliona, akasema alichokiona, na watu wakalazimika kupima. Mzee ametangulia mbele za haki mwaka 2023 na ningetamani kila darasa la fizikia nchi hii lijue habari zake wiki ya kwanza.

Turudi kwenye korosho yetu. Nishati yake ilitoka wapi? Mkorosho haukuitengeneza, uliipokea. Jani limepokea mwanga wa jua, limeufunga kwenye mafuta ya tunda. Na mwanga huo ulipogusa jani ulikuwa umeshasafiri dakika 8 na zaidi kidogo kutoka kwenye jua, kilomita milioni 150, kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Jua nalo linatoa wapi? Hapa ndio maada na nishati zinakutana. Katikati ya jua viini vya haidrojeni vinaungana vinakuwa heliamu, na heliamu inayotoka ni nyepesi kidogo kuliko vilivyoingia. Ule uzito uliopungua ndio mwanga. Jua linapungua karibu tani milioni 4 kila sekunde, kila sekunde jamani, na limeshafanya hivyo kwa zaidi ya miaka bilioni 4 na bado lipo. Hata korosho yetu ilipoungua, ukikusanya moshi na hewa na masizi yote na kuviacha vipoe, vimepungua uzito, ila ni kidogo kiasi kwamba hakuna mzani wa kuuona. Ile fomula ya Einstein mnayoiona kwenye fulana, E = mc², ndio hiyo inasema.

Kwa hiyo kwenye korosho moja tumeshapata maada, tumepata nishati, na hizo dakika 8 zimetuingiza kwenye nafasi na wakati. Nendeni Mikindani pale mafundi wanapotengeneza majahazi, usisogee, kaa upande wa pili wa maji umwangalie fundi anapiga msumari. Utaona nyundo imeshuka, alafu ndio unasikia ko. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu sekunde moja kati ya kuona na kusikia fundi yuko mita 340, sekunde mbili mita 680. Kwa masikio na macho umepima umbali bila kulowa. Sasa mwanga nao unachelewa, tena unachelewa vile vile kama sauti, ni vile tu una mbio mno. Mwezi unaouona ni wa sekunde moja na kitu iliyopita. Kuna magalaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, ambayo mwanga wake tunaoupokea kwenye darubini leo ulianza safari zama wale mijusi wakubwa wa Tendaguru, Lindi, wanatembea hapa kwetu, karibu miaka milioni 150. Mifupa yake ilichimbwa kuanzia 1909 mpaka 1913, msimamizi wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo mmoja amesimamishwa Berlin ana kimo cha mita 13 na ushee. Mimi nikitazama juu usiku namfikiria huyo mjusi na huo mwanga, vilianza pamoja.

Kuhusu Mwezi nitasema kidogo tu kwa sababu humu ndani kuna kina mama wanaochokoa pweza na wao ndio wanaopaswa kunifundisha. Bamvua wanajua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu katikati, na wanajua kupwa kwa kesho kutachelewa kama dakika 50 kuliko kwa leo. Hizo dakika 50 ni Mwezi, dunia ikimaliza kuzunguka Mwezi nao umeshasogea mbele kidogo, inabidi dunia iufukuzie. Newton alipoandika kitabu chake mwaka 1687 alionesha kwamba kinachoangusha embe na kinachoujaza maji huu ufukwe ni kitu kimoja, uvutano. Embe na bamvua. Fikirini.

Na wakati wenyewe hauendi sawa kila mahali. Sikutaka kuligusa hili leo ila kila nikiongea na vijana wananiuliza, na liko mfukoni mwenu. Dereva wa lori la korosho akifungua ramani kwenye simu, simu inasikiliza setelaiti ziko juu kilomita 20,200, kila moja ina saa ya atomi. Saa zile zikiwa kule juu zinakwenda mbele ya za huku chini kwa mikrosekunde 38 kila siku, mikrosekunde ni sekunde moja gawa kwa milioni. Kasi yao inazichelewesha kidogo, lakini kule juu uvutano ni dhaifu na hilo linaziharakisha zaidi. Zisiporekebishwa, kwa siku moja tu ramani inaweza kukosea kwa zaidi ya kilomita 10, yaani dereva yuko Mikindani ramani inamwambia yuko baharini. Zimerekebishwa kwa hesabu ya Einstein ya 1905 na 1915, na huyo dereva anafika Dar salama bila kujua.

Lakini vijana, msianzie hapo. Naomba sana. Nawaona mnaanza na mashimo meusi na kusafiri kwenye wakati kwa video za dakika tatu alafu ukipewa mteremko na toroli unakimbia. Anza na mwendo, kasi na mchapuko, alafu kani, alafu nishati, alafu joto, ndio uje umeme na mawimbi. Hesabu unayohitaji mwanzo ni uwiano na kugeuza vipimo, usipojua kilo na gramu zinavyobadilishana hakuna Einstein atakayekuokoa. Kila fomula ukipewa tafuta kitu cha nyumbani ukipime nacho, na ukikosa jibu la kitabu usikimbilie kusema umekosea, uliza kama huyo mama wa Newala, kuna kitu hakijahesabiwa?

Tumalize na kazi ya nyumbani. Sisi saa zetu tunahesabu kutoka jua linapochomoza, saa sita mchana maana yake jua liko utosini. Je ni kweli liko utosini? Kwa Mtwara ni kweli siku mbili tu kwa mwaka, au tuseme siku mbili tatu mara mbili, karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 21 Februari. Siku hizo fimbo iliyosimama wima haina kivuli kabisa, kivuli kinaingia chini ya fimbo. Na ajabu nyingine, Oktoba kitapotea kama saa sita na dakika 4, Februari kitapotea kama saa sita na dakika 33. Fimbo ile ile, mahali pale pale. Jua halifuati saa ya ukutani, dunia imelala upande na njia yake kulizunguka jua sio duara kamili, hizo nusu saa zinatoka huko.

Sasa nani ana ndugu Dar es Salaam? Karibu wote. Mpigie umwambie tarehe 20 Oktoba asimamishe fimbo ya mita 1 kamili, uwanjani pasipo na mteremko, aiweke wima kwa timazi ya fundi ujenzi, kuanzia saa sita kasoro robo mpaka saa sita na robo aweke alama ya ncha ya kivuli kila dakika mbili, achukue kile kivuli kifupi kuliko vyote. Kitakuwa kama sentimita 6. Ya kwako hapa itakuwa sifuri. Hizo sentimita 6 ni pembe ya nyuzi 3 na nusu hivi, na Dar iko kaskazini yetu kama kilomita 385 ukihesabu kusini kwenda kaskazini tu, sio kwa barabara. Duara zima ni nyuzi 360. Gawanya 360 kwa hizo 3 na nusu, zidisha kwa 385, utapata mzunguko wa dunia nzima, karibu kilomita 40,000. Mgiriki mmoja, Eratosthenes, alifanya hivyo hivyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Binti aliyesoma themometa ameuliza swali wakati watu wanaanza kusimama, na nikaomba wakae kwanza: kukiwa na mawingu siku hiyo je? Pima tarehe 19 au 21 mwanangu. Kivuli chako hapa kitakuwa kama sentimita moja au chini, utakipima kwa rula ya shule, utakiingiza kwenye hesabu, na dunia itatoka ile ile. Akaandika mkononi kwa kalamu: 19, 20, 21.